Wambeti Wawili Kwenye Skrini Moja

Simu yangu inafunguliwa na dada yangu. Mwanangu aliniwekea ule ufunguo wa uso, akaniambia, "Mama, sasa hakuna mwizi ataiweza." Wiki hiyo hiyo dada yangu Igoki akaja kutoka Kiritiri kunitembelea hapa Mitunguu, akaiokota mezani atazame saa, ikamfungukia bila swali. Mimi mwenye simu nikitoka kwenye migomba na kitambaa kichwani na jasho machoni, inanikataa mpaka ninawe. Tulicheka sana siku hiyo. Mimi nilicheka kidogo kuliko wengine, kwa sababu nilikula mshahara wa mashine za namna hiyo, na kuna mama mmoja ninayemjua ambaye hangecheka hata kidogo.

Ninaandika kwa ajili ya Kawira, binti wa shemeji yangu, aliyeajiriwa mwezi uliopita katika ukaguzi wa abiria kwenye uwanja wa ndege, na kwa ajili yenu wenzake mnaotoka vyuoni mkiijua kompyuta kuliko sisi tulivyoijua kalamu. Aliniuliza jikoni tukimenya ndizi, "Anti, hizo mashine za kutambua uso huwa zinakosea?" Nikamwambia zinakosea, halafu nikaendelea kumenya, kwa sababu jibu lenyewe ni refu na sehemu yake kubwa ni aibu yangu. Uwanja niliofanyia kazi sitautaja. Wanaonijua wanaujua, na wengine hawana haja nao.

Nilipoanza kazi, mashine yetu ya kutambua uso ilikuwa Mzee M'Ikiara. Mzee huyu alizaliwa Kangeta, na kabla ya kuvaa sare alikuwa mpangaji wa miraa sokoni. Alikuwa akijisifu kwamba ukimwekea mafungu ya mashamba kumi angekutajia kila fungu limetoka kwa nani, na nani amechanganya ya jana na ya leo. Sikuwahi kumjaribu kwa miraa, lakini kwa nyuso nilimwona. Angeishika pasipoti, amtazame abiria, arudi kwenye picha, kisha amwombe kwa heshima ageuze kichwa kidogo. Alikuwa anatafuta sikio. "Nywele zinasukwa," alituambia, "ndevu zinanyolewa, mtu anaenda kukaa kwa shemeji ananenepa. Sikio linabaki vile Mungu alilitengeneza."

Alikuwa pia na swali lake, swali ambalo jibu lake haliko kwenye karatasi yoyote. Siku moja alisimama mbele yake kijana mwenye pasipoti ya kaka yake, wanafanana kama chapati za mpishi mmoja. Pasipoti ilisema amezaliwa Mitunguu. Mzee akamuuliza kwa upole kabisa, "Na kwenu, maji ya shamba mnafunguliwa siku gani?" Kijana akajibu, "Kila siku." Mzee akafunga pasipoti. Nyinyi mliozaliwa huku mnajua kwamba maji ya shamba ni ya zamu, na mtu wa Mitunguu ukimuuliza siku ya maji atakutajia siku, saa, na jina la jirani anayemwibia. Kijana yule alikuwa amekulia mjini na hakuwahi kushika jembe. Akapelekwa kando kuhojiwa, naye Mzee akaenda kunywa chai yake.

Amri yake kubwa ilikuwa moja, na alitutwanga nayo mpaka tukaichoka: mtazame mtu kwanza, ndipo utazame picha. Ukianza na picha, alisema, macho yako yatakutafutia picha hiyo kwenye uso wa mtu, na yataipata. Niliandika maneno hayo kwenye daftari. Ninalo hadi leo, na daftari halikunisaidia kitu.

Basi mashine zikaja. Zililetwa na wataalamu wenye masanduku, wakaondoka, tukaachiwa kijana wetu wa mitambo aliyeitwa Dennis, mwembamba, mpole, kila wakati na bisibisi mfukoni. Mwanzoni zilitupa taabu. Taa za ukumbi zilitoka juu kabisa, kwa hiyo watu wenye rangi yetu nyuso zao zilijaa kivuli chini ya nyusi, mashine inawakataa mmoja baada ya mwingine, ilhali wageni weupe wanapita tu. Foleni inafika mlangoni. Ni mama mmoja wa usafi aliyetuokoa. Alisema mpwa wake anayepiga picha za pasipoti huwawekea watu kitambaa cheupe mapajani. Tukatandika karatasi nyeupe kubwa juu ya kaunta, mwanga ukaruka kutoka chini ukaingia usoni, na mashine ikaanza kutuona. Kawira, ukikuta kaunta yenu ni nyeusi, tafuta karatasi nyeupe kabla hujaandika barua ya malalamiko.

Mimi mwenyewe geti la wafanyakazi lilinikataa siku mbili mfululizo baada ya kusukwa. Nilisimama pale na sare yangu na kitambulisho shingoni, wenzangu wakinipitia wakisema, "Madam Marigu, leo wewe ni nani?" Na kuna siku kwaya moja ilikuwa inasafiri kwenda kwenye ibada ya ukumbusho, wote wamevaa fulana zenye picha ya marehemu kifuani. Kamera ya mlangoni iliacha nyuso zao ikachukua ile ya kifuani, kwa sababu ilikuwa imenyooka, ina mwanga mzuri, na haipepesi macho. Kwa hesabu ya kompyuta, marehemu aliingia uwanjani mara kumi na tisa asubuhi moja. Dennis alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka akatueleza jambo ambalo ningelishika vizuri, leo ningekuwa nalala usingizi mzuri.

"Madam, hii kitu haijui mtu," alisema. "Inapima tu sura hii na ile ziko mbali kiasi gani. Ukiikaza sana, itakataa watu halali na foleni itajaa. Ukiilegeza, itachukua binamu yako iseme ni wewe. Ni sisi tunaamua tuikaze wapi."

Hilo ndilo mnalopaswa kulijua kuhusu usahihi wa mashine hizi. Ipo kazi ya kulinganisha uso wako na picha ya pasipoti yako mwenyewe, na hiyo inaifanya vizuri kuliko mimi, hasa mwisho wa zamu nikiwa nimechoka. Ipo kazi ya pili, ya kuchukua uso wako na kuupitisha kwenye orodha ndefu ya watu wa kusimamishwa, ikitafuta unayefanana naye. Hapo orodha ikiwa ndefu na picha zake mbaya, kuna siku itakupata tu. Mzee M'Ikiara alisema picha mbaya inafanana na kila mtu. Alisema hayo kwenye karamu ya kustaafu kwake, mkononi soda, na sisi tukafikiri ni mzee anayezionea wivu mashine.

Siku ya Eunice Wambeti, Mzee alikuwa amestaafu miezi mitatu. Ilikuwa asubuhi, foleni ya ndege ya saa tano. Kamera ya orodha ikatoa mlio nami nikageukia skrini. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Kushoto palikuwa na uso wa abiria, kulia picha ya mtu wa kwenye orodha, hafifu kama iliyopita kwenye mashine ya fotokopi mara tatu, na chini yao mstari mwekundu uliojaa karibu hadi mwisho. Nilipoinua macho kumtazama mwenyewe, nilikuwa tayari ninamwona yule mwingine ndani yake.

Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, amevaa sare ya akina mama wa kanisa na sweta, kiondo kipya cha mkonge begani. Ndani ya kiondo kulikuwa na unga wa uji wa mzazi, choroko, zile tunaziita ndengu, kilo mbili, na nguo za mtoto mchanga zilizofumwa kwa mkono. Alikuwa anatoka Kiritiri, huko Embu. Mimi niliolewa Mitunguu, lakini nilizaliwa kilima cha pili kutoka kwao. Nilijua anakotoka kabla hajafungua mdomo, kwa jinsi alivyokifunga kitambaa.

Bwana Kombo, mkuu wetu wa zamu, mtu mtaratibu wa Pwani, akasoma skrini. Jina la abiria: Eunice Wambeti Njiru. Jina la kwenye orodha: Eunice Wambeti Nyaga, mwanamke aliyewahi kusafiri kwa karatasi za mtu mwingine kwenda kufanya kazi za nyumbani, akarudishwa. Tarehe ya kuzaliwa, wote wawili, mwaka mmoja, tarehe moja Januari. "Uso, majina mawili, na tarehe," Bwana Kombo akasema. "La baba anaweza kuwa amelibadilisha."

Yule mama akanigeukia. Sijui alinijuaje, labda naye alisoma kitu usoni mwangu au kwenye jina la kifuani. Akaanza kuniambia kwa Kimbeere, haraka haraka, kwa sauti ya kuomba, kwamba yule wa kwenye picha ni binamu yake, kwamba katika ukoo wao wako Wambeti watano na wote wameitwa nyanya yao, kwamba binti yake wa pekee anafanyiwa upasuaji wa kujifungua kesho kutwa katika nchi ya watu.

Wenzangu wote walikuwa wananitazama.

"Ongea Kiswahili, mama," nikamwambia.

Akarudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyekosea mlango. Kisha akajaribu. "Huyo ni Wambeti ya Nyaga. Mimi ni Wambeti ya Njiru. Tumeitwa cucu moja, nyanya yetu. Msichana yangu anapasuliwa, iko na mtoto ya miaka tatu, bwana yake amebaki hapa, anangoja viza. Hakuna mtu ya kumshika huko."

Dennis akaleta mashine ya alama za vidole, kwa sababu vidole vingemaliza maneno yote. Mama akaweka kidole cha kwanza, ikakataa. Cha pili, ikakataa. Vyote kumi. Ncha za vidole vyake zilikuwa laini kama kijiko. "Vidole yangu imeisha na kokoto," alisema, akiitazama mikono yake. Aligonga mawe ya kujengea miaka mingi ili amsomeshe huyo binti uuguzi.

Ndipo Bwana Kombo akanivuta kando. Ninataka mjue kwamba aliniuliza vizuri, kama mtu anayetaka kujua. Akasema, "Marigu, wewe ni mtu wa Embu. Huyu mama anasema mambo ya majina. Unaonaje?"

Sasa nisikilizeni nilichokuwa ninakijua wakati huo. Nilijua kwamba kwetu mtoto wa kwanza wa kike huitwa mama wa baba yake, na wa pili huitwa mama wa mama yake, na kwamba ndugu watano wa kiume wa tumbo moja wakizaa mabinti watano wa kwanza, utakuwa na wasichana watano wenye jina moja. Nilijua kwamba tulipobatizwa, wazazi wengi walichukua hata jina la kanisani la bibi wakalipeleka pamoja, ili bibi arudi mzima. Nilijua kwamba wenye umri wetu wengi tulizaliwa tarehe moja Januari kwa hisani ya karani wa chifu, maana siku yenyewe hakuna aliyeiandika. Nilijua kwamba watoto hao mara nyingi hutoka na uso wa bibi, na kwamba hatushangai, tunafurahi. Mimi mwenyewe ni Marigu, na tuko wanne. Kila kilichoifanya ile skrini iwe nyekundu, mimi peke yangu katika ukumbi ule ndiye niliyekuwa na maelezo yake, na maelezo hayo yangechukua dakika mbili.

Nilimjibu, "Siwezi kusema, bosi. Tufuate mashine."

Mtaniuliza kwa nini. Mwezi uliotangulia mwenzetu mmoja alihamishiwa kwenye mizigo kwa kumpitisha mtu wa kwao aliyekuwa na kasoro kwenye viza, na tangu hapo maneno ya "watu wa mlima wanasaidiana" yalikuwa yanazunguka kwenye chumba cha chai. Mimi nilikuwa ninajitahidi nionekane sina kwetu. Nilifikiri huo ndio uadilifu. Mashine ilikuwa imeniletea mahali pazuri pa kujificha, nikajificha. Ilikuwa woga, Kawira, na sijapata neno lingine zuri zaidi.

Walimweka kwenye chumba cha mahojiano. Ndege ya saa tano ikaondoka. Ujumbe ukapelekwa Kiritiri, na kesho yake mchana chifu wa huko akamkuta yule Wambeti mwingine sokoni anauza mbuzi, akampiga picha ameshika kitambulisho chake, akaituma. Mama akaambiwa anaweza kwenda. Bwana Kombo alimwomba radhi. Nilimwona ameketi kwenye benchi la nje, kiondo mapajani, tiketi yake imekufa, anangoja mtu wa kanisa aje kumchukua. Ilinibidi nipite pale kwenda nyumbani. Nilizunguka nikatumia mlango mwingine.

Na jambo hili liwaingie akilini, kwa maana linahusu usahihi mnaoulizia. Kwenye ripoti ya siku ile, tukio lile liliandikwa: abiria alisimamishwa, alithibitishwa, aliachiliwa. Halikuandikwa kama kosa. Niliijaza fomu hiyo kwa mkono wangu, na penye swali la utendaji wa mashine niliandika "imefanya kazi ipasavyo." Wakubwa walipokuja kuuliza mashine zinakosea kiasi gani, karatasi zetu zilikuwa safi. Mkisomewa siku moja jinsi mashine zenu zilivyo sahihi, ulizeni nani alijaza fomu.

Nilistaafu, nikarudi kwenye migomba yangu. Nilimsahau? Hapana. Nilijizoeza kufikiri kwamba alipata ndege nyingine, akafika, akambeba mtoto, akaanza kutusimulia kama watu wajinga wa uwanjani. Nilikaa na hadithi hiyo miaka minne na ilinifaa.

Kisha mtoto wa kaka yangu akapata mchumba, na mimi nikiwa shangazi nikatumwa Kiritiri kusaidia kuchagua mbuzi wa kupeleka kwa wakwe. Ilikuwa siku ya soko, jua limewaka, vumbi la mbuzi kila mahali. Nikafika kwa mama mmoja mwenye majike mazuri. Tukapatana, akanipa namba yake ya simu nimtumie hela. Alipoinama kufungua kamba, kitambaa kikasogea, nikaona ndewe ya sikio lake la kushoto imechanika, ile ya hereni, imepasuka hadi chini.

Nilikuwa nimeliona sikio hilo. Lilikuwa kwenye ile picha hafifu ya upande wa kulia, limetokeza chini ya nywele, dogo lakini lipo. Lilikuwa mbele ya macho yangu asubuhi ile yote na sikulitazama. Na yule mama wa kiondo alikuwa na masikio mazima, yenye vihereni vidogo vya dhahabu bandia, ninavikumbuka vilivyokuwa vinatikisika alipokuwa anajitetea. Mzee M'Ikiara angemaliza jambo lile kabla chai yake haijapoa.

"Wewe ni Wambeti," nikasema.

"Umenijua aje?"

"Kuna mwingine. Yule aliyezuiwa kwa ndege."

Akanitazama kwa makini, kisha akaelekeza kidole upande wa nafaka. "Wa Njiru. Yuko pale na ndengu zake."

Nilimkuta ameketi kwenye gunia mbele ya turubai, anapima ndengu kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili, anasawazisha juu kwa kiganja bila kumpunja mtu. Baada ya kuwaona wote wawili siku moja, nawaambieni, hata mtoto wa nasari angewatofautisha. Huyu ni mrefu zaidi, paji la uso pana, mdomo umetulia. Wanafanana kama ndugu wanavyofanana, basi. Nikachuchumaa mbele yake, nikamsalimia kwa Kimbeere, salamu nzima ya heshima, ile tuliyofundishwa na mama zetu.

Hakuinua uso. Alimalizia kusawazisha kopo lake, akalimimina kwenye mfuko wa mteja, akapokea hela. Kisha akanitazama.

"Ongea Kiswahili, mama," akasema.

Hapo nikajua kwamba alikuwa amenitambua toka mbali. Mimi niliyelipwa kutambua watu nilihitaji sikio lililochanika. Yeye alinijua bila sare, na nywele zangu zimeingia mvi.

Nikamwambia kwa Kiswahili kila kitu, hata kuhusu mlango mwingine. Sikumlaumu Bwana Kombo wala Dennis wala mashine. Alisikiliza huku akiuza. Nilipomaliza nikamuuliza, ingawa sikuwa na haki ya kuuliza, kama mtoto alizaliwa salama.

"Alizaliwa," alisema. Akafuta mikono kwenye leso, akatoa simu, akanionyesha msichana wa miaka kama minne amepanda baiskeli kwenye barabara yenye theluji pembeni. Paji lile lile pana. "Anaitwa Abigail."

"Na jina la kwetu?"

"Hana."

Akanieleza pole pole, kama anayesimulia habari za jirani. Faith, binti yake, alitoka hospitali siku ya nne na vitoto viwili na mtu wa kumsaidia hakuna. Akainua yule mkubwa kumtoa kwenye bafu, mshono ukafumuka. Akarudishwa hospitali, ikaingia uchafu, madaktari wakatoa kizazi. Watoto wakakaa kwa watu wa serikali majuma mawili. Mtoto yule alikuwa msichana wa pili. Kwa desturi alikuwa Wambeti, na hata walipokuwa wanaongea kwa simu kabla hajazaliwa walikuwa wanamwita Wambeti, wanasema, "Cucu anapiga teke." Lakini karatasi ya kuandikisha jina ilipoletwa, Faith alikataa.

"Aliniambia, mama, jina hiyo ikiingia kwa pasipoti, watamsimamisha kila mahali kama wewe. Sitaki mtoto yangu asimamishwe." Akaifunga simu. "Sikumkasirikia. Nilimwambia ako sawa."

"Lakini wewe..."

"Mimi niko na Faith peke yake. Na Faith hawezi zaa tena." Aliokota punje moja ya ndengu iliyoanguka, akairudisha kwenye gunia. "Huyo mtoto ndiye alikuwa mimi."

Wajukuu wake hajawahi kuwashika. Hakujaribu tena kupanda ndege, kwa hofu ya ule mlio. Nilipompigia Dennis, ambaye sasa ni mkuu wa mitambo, aliniambia hofu hiyo si ya bure, kwa sababu kumbukumbu ya siku ile bado imeufunga uso wa Wambeti wa Njiru na orodha, na itaendelea hivyo mpaka mtu aombe ifutwe kwa maandishi. Aliniambia anayefaa zaidi kuandika ni afisa aliyejaza ile fomu.

Niliandika. Niliandika majina ya kwetu yanavyopewa, na tarehe moja Januari, na vidole vilivyoisha, na sikio. Niliandika kwamba niliulizwa na nilijua na nikasema siwezi kusema. Barua nikaipeleka mwenyewe, nikapewa mhuri wa kupokewa, na hadi leo ninangoja jibu. Nakala nikampelekea Wambeti Kiritiri, nikamsomea pale pale kwenye turubai, yote, kurasa mbili.

Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Hii barua itarudisha jina?"

Nikamwambia hapana. Itamwezesha kusafiri, labda. Jina la mtoto limeshaandikwa.

"Haya," akasema, akaikunja barua mara nne, akaitia ndani ya kiondo. Kilikuwa kile kile, sasa kimechakaa mkanda.

Kawira, kesho au keshokutwa utasimama mbele ya skrini nyekundu, na mkuu wako atakugeukia akuulize unaonaje. Atakuuliza wewe kwa sababu unajua jambo ambalo mashine haijafundishwa. Liseme. Hata wakikuita mtu wa mlima, hata wakikuhamishia kwenye mizigo. Kwenye mizigo utapazoea. Mahali nilipo mimi sijapazoea.

Siku za soko ninapanda gari kwenda Kiritiri kununua ndengu, ingawa Mitunguu ziko. Hunipimia vizuri, kopo limejaa, na huniongezea kiganja kimoja juu kama anavyomfanyia kila mteja. Huniuliza hali ya migomba, nami humwuliza habari za Faith. Ni mtu mwema na hanikaripii. Bado sijawahi kumsikia akinijibu neno moja la Kimbeere. Tunaongea Kiswahili, mimi na yeye, wanawake wawili waliokulia vilima vinavyotazamana, kisha ananifungia mfuko na ninaenda zangu.